Mbona Juzi Ulikula?

Kamba nilishawala mara tano bila hata kupiga chafya. Mara ya sita nusura wanitoe roho, kisha nusura wanivunjie ndoa.

Mama mkwe alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe, na wanaoijua Tanga wanaelewa hilo lina uzito gani. Wali wa nazi, mchuzi mzito, na kamba wale wakubwa wa kuhesabika, aliowafuata kwa wavuvi alfajiri. Ilikuwa arobaini ya mtoto wa wifi yangu. Nyumba imejaa, mimi bi harusi wa miezi mitano, binti wa Njombe niliyeletwa pwani, na macho yote yako kwangu kuona kama nitajua kula. Nikala. Nikaongeza.

Haikupita robo saa. Kwanza viganja na nyayo vikaanza kuwasha, ule muwasho wa ndani usiokunika. Nikadhani ni hina. Halafu midomo ikawa mizito kama nimetoka kung'olewa jino. Wifi mmoja akacheka, akauliza leo nimepaka rangi gani ya mdomo. Nilipotaka kumjibu ikatoka sauti ya mtu mwingine, ya kukwaruza. Nikainuka kwenda uani kupata hewa, nikaona ukuta unanikimbia. Kitu cha mwisho ninachokikumbuka vizuri ni uhakika kwamba nakufa. Sio hofu jamani, uhakika. Baadaye niliambiwa kwamba hata hiyo ni dalili na imeandikwa kwenye vitabu vya udaktari.

Mume wangu alinibeba mpaka kwenye bajaji. Duka la dawa tulilolikuta njiani walimpa vidonge vya aleji, wakasema nikalale, nitaamka salama. Kama si dereva wa bajaji kugoma, "Kaka, huyu hapumui vizuri, twende hospitali," makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, tena kwa huzuni. Hospitali, nesi alinitazama mara moja tu. Akavuta dawa, akanichoma sindano kwenye nyama ya paja, kwa nje. Adrenalini. Ndani ya dakika chache koo likaanza kufunguka, kama mtu anayelegeza kamba ya mzigo. Wakanilaza mpaka asubuhi, kwa sababu shambulio la aina hii linaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia.

Usiku ule, dripu iko mkononi, mume wangu ameshika miguu yangu, akauliza swali ambalo lilikuja kukaa nyumbani kwetu miezi mitatu kama mgeni asiyeaga.

"Lakini mpenzi, mbona juzi ulikula?"

Maneno ya uani

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikula kamba mara ya kwanza nikiwa chuoni Dar, mwaka wa pili, nikimshangaa mdudu yule mwenye macho ya nje. Nilikula kwenye harusi ya rafiki. Fungate yetu Unguja nilikula mara mbili. Wiki mbili kabla ya arobaini tulikula mjini, tukapigana picha, mimi nimeshika mkia wa kamba juu kama medali. Picha hiyo ipo, na ilitumika dhidi yangu.

Mawifi walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema kijicho, nimependeza mno siku ile. Mwingine alisema mimba. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniuma, alisema watu wa bara wanajidai, chakula cha hotelini kinashuka ila cha mama mkwe kinakwama kooni. Mama mwenyewe hakusema kitu. Alinyamaza tu, na nilikuja kujua kwamba alikuwa akijiuliza kama alimlisha mtoto wa watu kitu kibovu. Mama ambaye amepika kamba maisha yake yote!

Mume wangu hakuwa upande wao. Tatizo ni kwamba hakuwa upande wangu pia. Alikuwa katikati, akipima. Wiki ya tatu akaniletea chipsi kutoka mahali wanapokaanga kila kitu. "Hakuna kamba humo, nimeangalia," akasema. Hakuangalia mafuta. Nilipokula chipsi ya nne midomo ikaanza kuvimba, na safari hii nililia, si kwa ajili ya midomo. Nilimwambia kitu ambacho sikutegemea kumwambia mtu niliyeolewa naye: kwamba najisikia salama zaidi nikila peke yangu. Hakujibu. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, tukaenda kumwona daktari wa mizio pamoja.

Somo la geti

Daktari alikuwa mtu mzima, mcheshi, wa kuchorachora kwenye karatasi. Akachora geti.

"Hukuzaliwa na mzio wa kamba," akaniambia. "Mwili wako umejifunza. Na darasani hakuna kelele, ndiyo maana mumeo hakusikia kitu."

Nitajaribu kueleza alivyotueleza. Kila siku vipande vidogo vya protini vinaingia mwilini, kwa chakula, kwa vumbi tunalovuta, kwa ngozi iliyochubuka. Mlangoni kuna seli za doria. Zikikuta kipande zisichokijua zinakibeba mpaka kwenye tezi, kwa wakubwa wao, kuuliza: huyu ni mgeni wa heri au mwizi? Mara nyingi jibu ni mgeni wa heri, la sivyo tusingeweza kula chochote. Lakini kuna wakati jibu linageuka. Pengine kipande kimepitia kwenye ngozi yenye ukurutu au pua iliyovimba badala ya tumboni, pengine ukoo wenu una tabia hiyo. Hapo mwili unaanza kutengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, zilizokatwa kwa kipimo cha protini ile moja.

IgE hizo zinakwenda kujibandika kwenye seli ziitwazo masti, ambazo zimejaa ngozini, midomoni, kooni, mapafuni na tumboni. (Mjerumani Paul Ehrlich aliyezipa jina hilo mwaka 1878 aliziona zimenenepa, akadhani zimeshiba, na jina linatokana na kunenepesha.) Zilichoshiba si chakula. Ni vifuko vingi vya kemikali, kubwa yao histamini.

"Sasa picha ya mwizi imebandikwa kila geti la mtaa," daktari akasema, "ila mwizi bado hajapita. Wewe unasikia nini? Husikii kitu. Unakula, unacheka, unapiga picha."

Mume wangu akainama kidogo.

Siku protini ile inaporudi na picha ziko tayari za kutosha, inashika IgE mbili zilizo jirani kwa mpigo mmoja, na seli ya masti inapasua vifuko vyake. Mnajua kinachotokea Dar mtu akipiga kelele ya mwizi. Hakuna anayeuliza. Histamini inamwagika, mishipa ya damu inalegea na kuvuja, ndio uvimbe ule. Presha inashuka, ndio ukuta unaokimbia. Njia ya hewa inabana. Yote kwa dakika chache, kwa ajili ya mgeni ambaye hakuiba chochote, maana kamba hana sumu. Na ndiyo maana adrenalini inaokoa: inakaza mishipa, inafungua mapafu na kuzituliza seli zinazomwaga. Vidonge vya aleji, hata vile tunavyotembea navyo kwenye pochi, vinatuliza muwasho na chafya. Presha haviipandishi, koo haviifungui. Duka lile la dawa hawakuwa na nia mbaya, lakini ushauri wao ungeniua.

"Kwa hiyo mara ya kwanza haina madhara?" nikauliza.

"Mara ya kwanza ndipo madhara yanapoanzia. Ila hayaumi."

Mume wangu akataka kujua kama mara zote tano nilikuwa darasani. Daktari akasema inawezekana, na inawezekana pia kwamba picha zilishabandikwa ila mlio haukufika kiwango. Akaanza kuniuliza maswali ya ajabu. Siku ile ulilala saa ngapi? Ulikuwa na homa? Ulifanya kazi ya nguvu? Ulikunywa pombe? Ulimeza dawa yoyote ya maumivu? Nikakumbuka: basi lilinichosha, kichwa kiligonga, nikameza ibuprofeni mbili kabla ya kukaa kula, na kabla ya hapo tulicheza ngoma uani mpaka jasho. Akagonga kalamu mezani. Dawa za kundi hilo, mazoezi, pombe, hata uchovu na ugonjwa, vyote vinaweza kushusha kizingiti. Chakula kilekile, mtu yuleyule, Jumamosi anapona, Jumamosi nyingine analazwa. Hakuna aliyedanganya.

Mbwa wa Paris

Nikirudi nyumbani nilisoma kama mwanafunzi wa mtihani, na nikagundua kwamba swali la mume wangu lina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri kwenye meli ya Prince Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wenye kuchoma. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya anemone wa baharini kwa kutumia mbwa. Walitarajia kwamba mbwa akipewa kidogo leo, kesho atakuwa sugu, kama chanjo inavyofanya. Mbwa mmoja aliyevumilia dozi ya kwanza akapewa nyingine ndogo wiki kadhaa baadaye. Akafa chini ya nusu saa. Mwili ulikuwa umejifunza kweli, lakini somo lenyewe lilikuwa baya. Wakaliita anafilaksia, kinyume cha kinga, na Richet alipata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Neno aleji lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1921. Heinz Küstner alikuwa na mzio wa samaki aliyepikwa. Mwenzake Carl Prausnitz hakuwa nao. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner, wakayachoma kwenye ngozi ya Prausnitz, na kesho yake wakachoma hapohapo maji ya samaki. Ngozi ikavimba pale tu. Yaani kitu fulani ndani ya damu kinabeba mzio, na unaweza kumwazima mtu! Ilichukua miaka 45 kukijua kitu hicho. Waliokinasa ni mke na mume, Wajapani Teruko na Kimishige Ishizaka, wakifanya kazi pamoja katika maabara moja huko Denver, Marekani. Mwaka 1966 walitangaza IgE, na Waswidi wawili, Johansson na Bennich, walifika hapohapo kwa njia yao mwaka uliofuata. Nilimsomea mume wangu kitandani. Akasema, "Wenzetu waligundua, sisi tunagombana."

Mwalimu wangu alikuwa nani?

Hilo ndilo nililotaka kujua zaidi. Kamba mara tano tu kwa miaka minane, nimejifunza lini?

Kipimo chenyewe ni rahisi. Matone kadhaa kwenye mkono, kila tone ni kitu chake, kisha ncha ndogo inachomwa juujuu kupitia kila tone. Unakaa dakika 15 bila kukuna, na hapo ndipo mtu anajua maana ya subira. Samaki: kimya. Karanga: kimya. Kamba: kivimbe kama kimeumwa na siafu. Utitiri wa vumbi: kivimbe. Mende: kivimbe.

"Mende?" mume wangu akauliza. "Sisi hatuli mende."

"Huli," akasema daktari, "lakini unamvuta."

Kwenye misuli ya kamba kuna protini iitwayo tropomiosini. Kaa anayo, kamba kochi anayo. Mende anayo pia, na utitiri, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi magodoroni wakila magamba ya ngozi yetu, inafanana sana. Ukirudi kwenye lile geti, ni kama watu watatu waliovaa shati la aina moja. Mlinzi anaangalia shati tu. Na shati hilo halichuji kwa kupikwa: chemsha, kaanga, choma, tropomiosini iko palepale, hata kwenye mvuke wa sufuria na kwenye mafuta yaliyotumika. Ndio chipsi zile.

Mara nikakiona chumba changu cha Sinza. Miaka minne, godoro nimeachiwa na mpangaji aliyetangulia, dirisha moja, joto, unyevunyevu, na mende ambao ukiwasha taa usiku wanakutazama kama wewe ndiye umechelewa kodi. Kila asubuhi chafya kumi na tano. Nikaziita mafua ya Dar, nikanywa tangawizi. Njombe nilikokulia ni baridi na sikuwahi kupiga chafya hizo. Utitiri unapenda joto na unyevu. Daktari hawezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo, hakuna anayeweza kwa mtu mmoja, lakini njia hiyo inajulikana: baadhi ya watu hufundishwa mzio wa kamba na vumbi na mende wa nyumba zao kabla hata ya kuonja bahari. Mume wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Tanga.

"Na senene?" nikauliza, maana ofisini kuna dada wa Bukoba anayetuletea kila msimu. Akatikisa kichwa. Senene naye ana shati hilohilo. Kumbikumbi wa kwetu pia niwaache.

Wala siko peke yangu kwa kuanza ukubwani. Uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 40,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba karibu mmoja kati ya kumi ana mzio wa chakula, kwamba jamii ya kamba, kaa na chaza ndiyo inayoongoza, na kwamba karibu nusu ya wenye mzio walipata angalau mmoja wakiwa watu wazima. "Nimekula siku zote" si cheti.

Nina neno hapa kwa wadada wenzangu wa vipodozi. Japani, zaidi ya watu 2,000 walipata mzio wa ngano kwa sababu ya sabuni ya uso. Sabuni ilitiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa, wakaosha nyuso kila siku, ngozi ikajifunza, na siku moja mkate na tambi waliokula tangu utotoni vikawaletea shambulio. Iliondolewa sokoni mwaka 2011. Tumbo kwa kawaida ni mwalimu mpole, ngozi iliyokwaruzwa ni mkali. Mimi scrabu za kujikwangua na maziwa, karanga na mayai nimeziacha kabisa, na ukurutu siuachi ujitibu wenyewe.

Ndugu zangu hawana

Tumezaliwa watano na mimi tu ndiye mwenye kadhia hii. Kuna maelezo yanayopendwa sana siku hizi kwamba tumekuwa wasafi kupita kiasi. Yalianzia kwa Mwingereza David Strachan mwaka 1989, aliyeona kwamba watoto wenye kaka na dada wengi walikuwa na homa ya chavua kwa uchache. Tena inaaminika kwamba IgE kazi yake ya asili ilikuwa kupambana na minyoo, sio wali wa arobaini. Gabon, mwaka 2000, watafiti walionyesha kwamba watoto wenye kichocho ngozi zao hazikustuka sana kwa utitiri. Entebbe, Uganda, kina mama waliopewa dawa ya minyoo ya albendazo wakiwa wajawazito, watoto wao walipata ukurutu zaidi. Hiyo ilichapishwa mwaka 2011. Lakini tusikimbilie. Utafiti mwingine katika vijiji vya wavuvi wa Ziwa Victoria haukuona tofauti kati ya waliopewa dawa za minyoo kwa wingi na waliopewa kawaida. Kwa hiyo mtu asiache kumpa mwanawe dawa ya minyoo kwa ajili ya makala yangu, tafadhali.

Jambo jingine: kuna vipimo vya damu vya mkupuo, unachukuliwa chupa moja unapewa orodha ya vyakula arobaini. Shosti yangu alirudi na karatasi inayomkataza karanga, ndizi, mchele na mahindi, na vyote alikula jana yake. Kuwa na IgE kwenye damu si sawa na kuwa na mzio. Ghana, watoto wengi walikutwa na IgE dhidi ya karanga na wanakula karanga bila shida yoyote. Kipimo kinasomwa pamoja na kisa chako. Bila kisa ni karatasi tu.

Jikoni na chumbani

Sasa tuzungumze ya ndani. Mume wangu ni mtoto wa pwani, kumwambia aache kamba ni sawa na kumwambia aache jina lake, na sikumwambia. Tulikubaliana: nyumbani haviingii, nje anakula, akila ananiambia. Maana ipo ya busu. Watafiti Marekani walipima mate ya watu waliokula siagi ya karanga, wakachapisha mwaka 2006: kupiga mswaki kulipunguza lakini hakukutosha kwa wote, kilichosaidia ni kusubiri saa kadhaa na kula chakula kingine kisicho na karanga. Kwetu sheria ni hiyohiyo kwa kamba. Akirudi Ijumaa usiku ananibusu kwenye paji la uso, kama askofu, na kesho yake tunaendelea na maisha. Mwanzo nilidhani itaua kitu. Kwa kweli sijui kwa nini, lakini mtu anayekumbuka kutokukubusu anavutia.

Mikahawani siulizi mimi, anauliza yeye. "Dada, mafuta haya mlikaangia nini?" Wahudumu wengine wanakunja uso. Anauliza tena. Kalamu za adrenalini za kujichoma mwenyewe nimezunguka maduka mengi ya dawa bila kuzipata, kwa hiyo nina barua ya daktari kwenye pochi, na mpango tuliouzoea kama watoto wa shule: midomo ikivimba na pumzi ikibadilika, hatumezi na kusubiri, tunakwenda hospitali, na neno la kwanza getini ni adrenalini. Nikizidiwa nilazwe chali, miguu juu, nisisimamishwe. Godoro tulinunua jipya, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto sana, na mende tulitangaza vita. Chafya zimebaki mbili tatu.

Kisha nikashika mimba, kweli safari hii, na hofu ikahamia kwa mtoto. Daktari akasema kinachorithiwa ni mwelekeo, sio kamba. Mtoto wangu anaweza kupata pumu, ukurutu, mzio wa kitu kingine kabisa, au asipate chochote. Na akaniambia habari iliyonishangaza. Kwa miaka mingi wazazi wa Ulaya na Marekani walishauriwa kuwachelewesha watoto karanga. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa London na wa Israel, ambako vitoto hula vitafunwa vya karanga mapema: wa London walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi. Ikafuata majaribio London kwa watoto wachanga 640 walio hatarini, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio huo pungufu kwa asilimia 81. Tumbo lilifundisha kabla ngozi haijawahi.

Nikamwambia mama yangu Njombe kwenye simu. "Mmesoma mpaka London kuja kuujua uji wa karanga?" akauliza. Wetu alianza wa karanga zilizosagwa laini akiwa na miezi sita, baada ya daktari kuangalia ngozi yake. Punje nzima hapana, inakaba.

Mama mkwe alikuja Dar kumwona mjukuu akakaa mwezi. Siku ya kwanza hakugusa jiko langu. Siku ya pili akaniomba nimweleze, toka mwanzo, na nikamchorea geti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kamba wangu hawakuwa wameoza?" Nikamwambia, mama, walikuwa kamba bora kuliko wote niliowahi kula. Akanyamaza, kisha akaomba sufuria aoshe.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta sebuleni, miwani puani, ungo mapajani, dagaa wa Mwanza kilo nzima. Dagaa ni samaki, shati lake jingine, nakula bila wasiwasi. Alikuwa amewatandaza mmoja mmoja.

"Mwanangu, hawa wanavuliwa pamoja na uduvi wa ziwani," akasema bila kuinua kichwa, akaokota kitu kidogo chekundu kisichozidi ukucha, akakiweka pembeni kwenye kisahani. Kulikuwa na kama thelathini tayari. "Uduvi si kamba mtoto?"

Nilikuwa sijawahi kuufikiria uduvi. Wala daktari hakuutaja. Alipomaliza akanitazama, akautazama ungo, kisha akaubeba wote, na dagaa wote, akawapelekea majirani.